Tshopo: mvua ya mkulima inaanzia kwenye majani ya msitu

Katika msitu wa Yangambi, jimboni Tshopo, karibu kilometa 100 magharibi mwa Kisangani, kuna mnara wa chuma wa meta 55 unaopita vichwa vya miti. Ulisimamishwa mwaka wa 2020, na vyombo vyake vinapima hewa ya kaboni na mvuke wa maji unaotoka msituni.

Mvuke huo unatoka kwenye majani. Kila jani lina matundu madogo sana, yasiyoonekana kwa macho. Mti ukiyafungua ili kupata hewa, maji yanatoka. Yanayotoka yanavuta mengine nyuma yake, kama kamba, kupitia shina mpaka kwenye mizizi. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi yanaishia hewani. Udongo ukikauka, matundu yanafungwa: mti unaokoa maji, lakini unaacha kukua.

Maji hayo hayapotei. Yanakuwa mawingu, na sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Congo inatokana na msitu wenyewe. Ndiyo maana shoka la mchoma makala linamgusa hata mkulima wa mihogo asiyekata mti: msitu ukiisha, mvua yake nayo iko hatarini.