Asilimia 7 ya Fremu: Hesabu za Kupiga Picha Ndege za Sarakasi Katika Anga Tupu

Picha za ndege za sarakasi ninazozipenda kuliko zote ni zile ambazo ndege yenyewe haizidi asilimia 7 au 8 ya upana wa picha. Kinachobaki ni anga, na pengine mstari wa moshi. Wengi huzichukulia kama picha za mtu aliyekosa lenzi ndefu. Ukikaa chini na kalamu, unagundua kwamba hii ndiyo aina ya picha ya angani ambayo vifaa vya bei ya chini vinaitosheleza kikamilifu, na kwamba gharama zake ziko mahali ambapo wanunuzi wengi wa lenzi hawapafikirii.

Tuuchukue uwanja wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako chama cha EAA hufanya tamasha la AirVenture kila mwishoni mwa Julai. Ndege zaidi ya 10,000 hufika, na mwaka 2023 watu walikadiriwa kuwa 677,000. Watazamaji hukaa magharibi mwa njia ya kurukia ya 18/36 na maonyesho ya mchana huanza alasiri, kwa hiyo jua linakuwa mgongoni. Mbele yao, upande wa mashariki, kuna Ziwa Winnebago na anga lisilo na mlima wala ghorofa. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imeweka umbali kati ya watazamaji na mstari wa maonyesho: futi 500, 1,000 au 1,500, yaani mita 152, 305 au 457, kulingana na kasi ya ndege. Hata kwenye mstari wa karibu kabisa, ndege ikipanda mita 260 juu, umbali kutoka jichoni unakuwa takriban mita 300. Nitatumia hizo 300 katika hesabu zote za ndege ndogo.

Extra 300 ya Ujerumani, ndege inayoonekana sana kwenye sarakasi, ina mabawa ya mita 8 kutoka ncha hadi ncha. Ukitaka kujua itaonekana kubwa kiasi gani kwenye sensa, zidisha upana wake kwa urefu wa lenzi, kisha gawanya kwa umbali. Kwa lenzi ya milimita 400 unapata milimita 10.7, karibu asilimia 30 ya sensa yenye upana wa milimita 36. Kwa lenzi ya milimita 100 unapata milimita 2.7, yaani asilimia 7.4. Kwenye kamera yenye pikseli 6,000 kwa upana, hiyo ni ndege ya pikseli 444. Ukiichapisha picha kwa pikseli 300 kwa inchi, karatasi inakuwa na upana wa sentimita 50 na ndege ni sentimita 3.8. Rubani anaonekana. Hayo ni maelezo ya kutosha kabisa, mradi picha isikatwe baadaye. Mwenye kamera ya sensa ndogo, ya milimita 23.5, anapata uwiano huohuo kwa milimita 65 tu, urefu uliomo ndani ya baadhi ya lenzi za zumu zinazouzwa pamoja na kamera.

Sasa bei. Canon ilipotoa lenzi ya RF 600mm f/4 mwaka 2021, ilikuwa dola 12,999 na uzito wa gramu 3,090. Mwaka huohuo ilitoa RF 100-400mm kwa dola 649, gramu 635. Bei moja ni mara 20 ya nyingine. Sehemu kubwa ya pesa za lenzi ile kubwa inanunua mwanga mwingi na uwezo wa kufuta mandhari ya nyuma. Lakini Oshkosh saa tisa alasiri mwanga umejaa, na mandhari ya nyuma imekwisha kufutwa na anga lenyewe. Sioni sababu ya kulipa mara ya pili.

Kuna faida nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha, nayo ni kina cha ukali wa picha. Lenzi ya milimita 600 kwa f/4, ikilengwa mita 300, inaonyesha kwa ukali eneo kati ya takriban mita 273 na 333. Ni mita 60 tu. Ndege inayokujia kwa kilomita 300 kwa saa, sawa na mita 83 kwa sekunde, inalivuka eneo hilo kwa sekunde 0.7, na kamera lazima ikimbizane nayo. Lenzi ya milimita 100 kwa f/8, ikilengwa palepale, ina ukali kuanzia mita 37 hivi hadi upeo wa macho. Maana yake unaweza kulenga mnara wa mbali mara moja, ukazima ulengaji wa kamera, na usiuguse tena siku nzima. Hili si jambo dogo, kwa sababu kamera ikielekezwa kwenye anga lisilo na alama yoyote huhangaika kutafuta kitu cha kushika, na ndege imekwisha pita.

Kwenye kasi ya shata ndipo panapohitaji maamuzi. Injini ya Extra 300, Lycoming AEIO-540 ya nguvu farasi 300, huzunguka mara 2,700 kwa dakika, yaani mara 45 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/4000 rafadha inasogea nyuzi 4 tu: mapanga yanaganda na ndege inaonekana kama imezimika hewani. Kwa 1/1000 ni nyuzi 16. Rafadha ya mapanga matatu ina nyuzi 120 kati ya panga na panga, hivyo duara kamili huanza kwenye 1/125. Katika picha iliyojaa ndege unaweza kusamehe rafadha iliyoganda, kwa kuwa jicho lina rangi na herufi za kuangalia. Katika anga tupu hakuna kingine kinachosema ndege hii inaruka. Mimi nasisitiza 1/250 au chini yake.

Je, ndege nayo haitafifia? Kwa 1/250 inasogea sentimita 33. Ukiishika kamera bila kuisogeza, hiyo ni pikseli 18 kwa lenzi ya milimita 100 na pikseli 74 kwa ile ya 400. Ukiifuata kwa mwili na ukakosea kwa sehemu moja ya kumi, unabaki na pikseli 2 dhidi ya 7. Lenzi fupi inamsamehe anayejifunza.

Ila shata ya polepole kwenye jua kali inabana tundu la lenzi. Kwa ISO 100, 1/125 inadai karibu f/14, na kwa tundu dogo hivyo kila chembe ya vumbi kwenye sensa hujitokeza. Doa la pikseli 30 katika picha hii ni kubwa mara mbili ya kichwa cha rubani. Chujio jeusi linalopunguza mwanga mara 4 linakurudisha f/7, vumbi likapotea. Kwa hiyo chujio hilo na usafishaji wa sensa viwe kwenye bajeti kabla ya lenzi yoyote mpya.

Piga picha ghafi, siyo JPEG. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Anga likibadilika kwa ngazi 20 tu kutoka upande hadi upande, kila ngazi inakuwa mkanda wa pikseli 300, sentimita 2.5 kwenye ile karatasi, na macho yataiona michirizi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384.

Udogo wa ndege ndani ya fremu nao una kikomo. Tanzi, yaani duara la wima ambalo ndege hulichora angani, likiwa na kipenyo cha mita 200 halienei kwenye lenzi ya 100, ambayo inaona mita 72 tu kwa kimo. Linahitaji milimita 35, na hapo Extra inabaki pikseli 156. Chini ya hapo, mtazamaji ataona kunguru. Moshi ndio unaookoa picha hizo, na moshi hupimwa. Kila ndege ya jeti aina ya Hawk ya Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha Uingereza, hubeba moshi mweupe wa dakika 5, mwekundu wa dakika 1 na wa buluu wa dakika 1. Kwa kilomita 600 kwa saa, dakika ya mwekundu ni mstari wa kilomita 10. Kwa lenzi ya milimita 35, ndege zikiwa mita 500 kutoka kwako, fremu ina upana wa mita 514, kwa hiyo katika onyesho moja kila ndege inakupa upana wa fremu 19 za mstari mwekundu. Nyingi kati ya hizo zitachorwa ndege zikiwa zimepangana kwa pamoja. Anayetaka ndege moja na mstari mmoja asubiri zinapotawanyika, lenzi ya 35 ikiwa tayari kwenye kamera.