Siku ya Kwanza kwa Mshauri wa Kulipia

Neno "mshauri nasaha" limefika hata kwenye kambi za mashamba ya chai na miwa. Mfanyakazi aliyepoteza usingizi tangu mashine ilipomkata mwenzake mkono huambiwa na muuguzi wa zahanati aende akaonane na mshauri. Huitikia ndiyo, kisha haendi. Sababu zake tunazijua. Anaogopa kuitwa mwendawazimu. Anaogopa maneno yake yatafika ofisini kabla yeye hajarudi kambini. Tena haoni kwa nini atoe fedha yake ya jasho ili azungumze, na kuzungumza na jirani ni bure. Hofu ya kwanza haina msingi, kwani wanaokwenda huko wengi wao wana akili timamu na mzigo mzito tu. Hofu ya pili ina msingi, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Ya tatu ni ya hesabu, tutaifikia.

Kwanza tuwatenganishe watu hawa. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili wa tiba. Anaandika dawa na anaweza kumlaza mgonjwa. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hufanya kazi kwa mazungumzo yenye utaratibu na yenye saa yake. Mtu anayejiita mshauri, kisha akakutolea chupa ya dawa chini ya meza akuuzie, mwache na chupa yake. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwaandikisha washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo huko unaweza kudai kuoneshwa cheti cha kuandikishwa. Hata mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, kumwuliza mtu amesomea wapi kazi yake si utovu wa adabu. Fundi wa umeme akija kiwandani huulizwa, sembuse anayetaka kufungua moyo wako.

Kabla ya kupanda basi, piga simu. Uliza bei ya kikao kimoja na vikao vinavyoweza kuhitajika. Uliza pia kama utatozwa usipofika, maana wengi hutoza kikao kilichokosekana iwapo hukutoa taarifa siku moja kabla. Jambo hili ni zito kwa mtu wa zamu, ambaye msimamizi anaweza kumbakiza kazini bila kumwuliza. Basi mweleze mshauri mapema jinsi zamu zako zinavyobadilika. Wako washauri wanaompunguzia bei mtu wa kipato kidogo, lakini wengi wao hawalisemi hilo mpaka waulizwe. Na uliza lugha. Mashambani wamo watu waliovuka mpaka kutafuta kibarua. Mtu aweza kununua chumvi kwa Kiswahili na kugombana na nyapara kwa Kiswahili, lakini uchungu wa kufiwa na mtoto akawa anaujua kwa lugha ya mama yake tu.

Siku yenyewe utakuta chumba cha kawaida, viti viwili na mlango unaofungwa. Ile picha ya sinema, ya mgonjwa aliyelazwa kwenye kochi, ilianzia kwa Sigmund Freud, daktari wa mjini Vienna. Washauri wengi wa leo huketi nawe uso kwa uso. Kikao huchukua dakika 50 hivi, na kwa kawaida ni mara moja kwa wiki. Katika kikao cha kwanza kazi kubwa ni maswali. Unalala saa ngapi? Chakula kinapita? Pombe unakunywa kiasi gani? Nyumbani unaishi na nani? Baadhi hutoa karatasi yenye maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla isizidi 27. Si mtihani wa shule. Alama hizo hupimwa tena baada ya wiki kadhaa ili ionekane kama mzigo umepungua. Swali usilotaka kulijibu, sema, "Hilo bado," naye mshauri mzuri ataliacha.

Swali moja katika karatasi hiyo huuliza kama umepata kufikiri kwamba ni heri ufe. Lisikushtue, huulizwa kila mtu. Wengi hulificha jibu wakiogopa polisi, kwa kuwa katika baadhi ya nchi za eneo letu kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kilichoadhibu jambo hilo, kinapingana na katiba. Lakini hata pale ambapo sheria ya namna hiyo imebaki, wazo lililosemwa kwa mshauri si jaribio. Liseme. Na kama wazo hilo limekujia usiku huu, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu asikuache peke yako, mwende hospitali. Mwenzako akikuambia yeye, fanya hivyo hivyo, na hakikisha ufunguo wa stoo ya dawa za kuulia wadudu hauko mikononi mwake. Mashambani sumu hiyo iko karibu mno na vitanda vyetu.

Sasa habari ya siri. Kabla hujaeleza lolote, mshauri anapaswa kukuambia siri inaishia wapi. Kanuni ya kazi yao ni kwamba maneno hayatoki chumbani, isipokuwa kwa sababu chache: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka wowote, ama hajui kazi yake ama anakudanganya.

Baada ya hapo swali kubwa ni nani analipa. Ukilipa kwa mfuko wako, mwajiri hana haja hata ya kujua kwamba ulikwenda. Lakini siku hizi yako makampuni yanayoweka mshauri wao, au yanayolipia vikao vichache kwa mshauri wa nje. Hatusemi msaada huo ukataliwe. Tunasema uulizwe maswali. Mshauri mmoja hupeleka kwa kampuni idadi tu ya watu aliowahudumia, bila majina, ili alipwe. Mwingine huandika taarifa ya kila mtu. Kwa kuwatazama huwezi kuwatofautisha, kwani wote wana sauti ya upole. Basi uliza: "Ofisi itapata karatasi gani kunihusu? Itakuwa na jina langu? Faili langu linakaa wapi, na ufunguo ni wa nani?" Akianza kuzunguka, zungumza naye habari za mvua mpaka saa iishe, uage.

Tena kuna kutumwa. Mtu aliyepelekwa na mwajiri baada ya ajali ili ipimwe kama anafaa kurudi kwenye mashine, huyo hakwenda kutibiwa. Amekwenda kupimwa, na taarifa itaandikwa. Ni halali, lakini jua uko katika chumba gani.

Juu ya jambo hili wafanyakazi tunayo maandishi ya kushika. Mwaka 1985, huko Geneva, mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulipitisha Mkataba namba 161 kuhusu huduma za afya kazini, pamoja na Pendekezo namba 171. Mkataba unasema watoa huduma hao wawe huru katika utaalamu wao, wasiwe chini ya amri ya mwajiri wala ya wafanyakazi. Pendekezo linasema matokeo ya uchunguzi anayopewa mwajiri yasiwe na habari za ugonjwa. Yaeleze tu kama mtu anaifaa kazi hiyo, au kazi gani haimfai. Mkataba huo unazifunga nchi zilizouridhia, na pendekezo halimfungi mtu. Hata hivyo hakuna kinachozuia tawi kuyapeleka maneno hayo mezani siku ya majadiliano na mwajiri. Sentensi moja yatosha: mshauri anayelipwa na kampuni hataipa kampuni jina wala habari za mfanyakazi bila idhini ya mfanyakazi huyo kwa maandishi. Tawi lililokubali mshauri wa kampuni bila sentensi hiyo lina kazi ya kuirudia.

Vikao vinavyofuata havifanani na mahubiri. Mshauri hatakuamuru umwache mume wala uache kazi. Atakuuliza ulifikiri nini pale moyo ulipoanza kwenda mbio, na anaweza kukupa kazi ya nyumbani, kama kuandika saa ulizolala au kwenda kumwona ndugu uliyemkwepa. Wako wanaojisikia vibaya zaidi baada ya kikao cha pili au cha tatu, maana kidonda kimefunguliwa. Mwambie mshauri hivyo hivyo. Yakipita majuma sita bila nafuu yoyote, uliza waziwazi mnaelekea wapi. Kubadili mshauri si ukosefu wa shukrani. Lakini akikushika mwili kwa namna usiyoitaka, akikukopa fedha, au akileta mapenzi, toka siku hiyo hiyo, umshitaki kwa bodi au chama chake.

Tumeahidi hesabu. Zidisha bei ya kikao kwa 4, ndiyo ya mwezi, uilinganishe na ujira wako. Ikiwa inakula unga wa watoto, usiuze baiskeli. Mwaka 2002 katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, vijiji 30 viligawanywa; katika 15 watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, waliketi kwa makundi dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali wenyeji waliofundishwa wiki 2. Mwishoni, waliobaki na sonona katika makundi hayo walikuwa kama 7 katika kila 100. Katika vijiji visivyo na makundi walibaki 55 hivi. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 akina nyanya waliofundishwa huwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hospitali za serikali kama Butabika mjini Kampala, Mathari mjini Nairobi na Mirembe mjini Dodoma zina wataalamu, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya mtu binafsi. Anza kwa kuuliza huko.

Mshauri, awe wa bure au wa kulipia, hana uwezo juu ya nyapara anayetukana wala mshahara uliocheleweshwa miezi miwili. Akikufundisha kupumua polepole mbele ya matusi, jifunze, ni vizuri. Halafu uyapeleke matusi hayo kwa katibu wa tawi. Habari za chumbani kwa mshauri hulazimiki kumweleza katibu.

Kuhusu ruhusa ya kutoka kazini, maneno "nina miadi ya matibabu" yanatosha. Mwombe mshauri cheti cha kuhudhuria chenye tarehe na saa tu, na kama muhuri wake unataja aina ya kazi yake, mwulize kama anaweza kukuandikia kisicho na muhuri huo.