Chuki dhidi ya Wayahudi katika vyuo vikuu: kiongozi afanye nini?

Wengi wenu mnajua maana ya kulaumiwa kwa sababu ya kabila. Vita vinapigwa milimani, na huku chini sokoni mtu anaulizwa jina la baba yake, au wanasikiliza namna anavyosema, kisha anahesabiwa kuwa adui. Hajashika bunduki wala hajamtuma mtu. Kosa lake ni kuzaliwa.

Katika makala hii tunaeleza jambo la aina hiyo lililotokea mbali na kwetu, ndani ya vyuo vikuu: chuki dhidi ya Wayahudi. Tunaangalia hasa wakuu wa vyuo walifanya nini. Kazi yao inafanana na ya wakuu wa vijiji na kamati za kambi, maana nao wanapaswa kuwalinda watu wote walio chini yao.

Chuki hiyo ni nini?

Ni kumtenga, kumtisha au kumdhuru mtu kwa kuwa ni Myahudi. Ni pia kueneza uongo kwamba Wayahudi wanatawala dunia kwa siri, au kuwabebesha Wayahudi wote matendo ya serikali ya Israeli. Chuki hii ilikua Ulaya kwa karne nyingi. Wakati wa vita vikuu vya pili, Wanazi wa Ujerumani na wasaidizi wao waliua Wayahudi wapatao milioni 6.

Msiba huo uligusa hata Congo. Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walikuwa wamekuja Katanga kufanya biashara, na sinagogi yao ya mwaka 1930 ingali Lubumbashi. Ndugu zao waliobaki Rhodes walikamatwa mwaka 1944 na kupelekwa Auschwitz. Wengi wao hawakurudi.

Lakini tutofautishe mambo. Kukosoa serikali ya Israeli si kuwachukia Wayahudi, kama vile kukosoa serikali yoyote si kuwachukia raia wake. Kuwalilia Wapalestina waliouawa Gaza si chuki. Chuki inaingia pale mwanafunzi Myahudi anapotishwa, anapozuiwa njia au anapotukanwa kwa ajili ya vita asivyovipiga yeye.

Polandi: amani ya uongo

Katika miaka ya 1930, makundi ya wanafunzi wa Polandi yalidai Wayahudi wakae kwenye viti vya peke yao darasani. Aliyekataa alipigwa. Mwaka 1937 serikali iliwaruhusu wakuu wa vyuo kupanga viti hivyo, ikisema kwamba hiyo ndiyo njia ya kurudisha utulivu. Wakuu wengi walikubali.

Wanafunzi wengi Wayahudi walikataa kukaa huko. Walisikiliza masomo wakiwa wamesimama, na maprofesa wachache walisimama pamoja nao. Katika chuo kikuu cha Lwów, mkuu wa chuo Stanisław Kulczyński alijiuzulu mwaka 1938 ili asitie sahihi amri hiyo. Aliyemfuata aliitia.

Tuone kosa lilikuwa wapi. Wenye fujo walijulikana, lakini waliohamishwa ni wale waliopigwa. Kelele zilipewa walichotaka, zikaitwa amani. Hata hivyo vipigo havikukoma.

Marekani: baada ya tarehe 7 Oktoba 2023

Siku hiyo wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli na kuteka wengine wapatao 250. Israeli ilianza vita Gaza, na makumi ya maelfu ya Wapalestina waliuawa. Uchungu huo uliingia katika vyuo vya Marekani. Wanafunzi wengi waliandamana kudai vita viishe, na kati yao walikuwamo Wayahudi. Lakini Wayahudi wengine walitukanwa, walitengwa na rafiki zao, au walitishwa. Katika chuo cha Cornell, mwanafunzi mmoja aliandika kwenye intaneti kwamba atawaua Wayahudi wa pale. Alikamatwa, na mwaka 2024 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 21.

Tarehe 5 Desemba 2023, wakuu wa Harvard, Pennsylvania na MIT waliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Waliulizwa kama kutaka Wayahudi wauawe kwa kimbari ni kuvunja kanuni za vyuo vyao. Walijibu kama wanasheria, kwamba inategemea mazingira. Kwa sheria jibu hilo lilikuwa na maana yake, lakini mzazi mwenye hofu hakusikia ndani yake neno la kumlinda mtoto wake. Mkuu wa Pennsylvania alijiuzulu siku chache baadaye. Mkuu wa Harvard, aliyeshitakiwa pia kwa kunakili maandishi ya wengine, alijiuzulu tarehe 2 Januari 2024.

Kisha wengine walikimbilia nguvu. Mwezi wa Aprili 2024, chuo cha Columbia kiliita polisi kuondoa mahema ya waandamanaji, na zaidi ya 100 walikamatwa. Mahema hayakwisha, yalienea katika vyuo vingi vya nchi. Chuo cha Brown kilichukua njia nyingine: kilizungumza na wanafunzi, wakakubali kuondoa mahema, na ombi lao likapelekwa kwa wasimamizi wa chuo kupigiwa kura. Mwezi wa Oktoba ombi lilikataliwa, lakini lilikuwa limesikilizwa.

Serikali nayo iliingia. Sheria ya mwaka 1964 inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kubagua watu kwa asili yao. Mwaka 2025 serikali ilikatia Columbia dola milioni 400, na baadaye chuo kikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 200. Harvard ilikwenda mahakamani, na mwezi wa Septemba 2025 jaji alisema kukatiwa fedha kulivunja sheria, na kwamba ulinzi wa Wayahudi ulikuwa umetumiwa kama kisingizio. Basi hata wanaosema wanatetea wanyonge wapimwe kwa matendo.

Mafundisho kwa viongozi

1. Mlinde kwanza anayetishwa. Usimhamishe yeye ili mwenye fujo atulie.

2. Kanuni iwe moja kwa wote. Harvard iliunda kamati mbili, moja kwa Wayahudi na Waisraeli, nyingine kwa Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Ripoti zao za Aprili 2025 zilionyesha hofu pande zote mbili. Machozi ya mmoja hayafuti ya mwingine.

3. Tenganisha maneno na vitisho. Mtu aachwe aseme uchungu wake na akosoe wakubwa. Lakini kumfuata jirani, kumfungia njia au kumtishia kifo si maoni.

4. Sema mapema na kwa maneno mepesi. Kiongozi anayengoja mpaka moto uwake hubaki na njia mbili tu: kunyamaza au kuita bunduki.

Maswali ya kujadiliana

Katika kambi au mtaa wetu, ni nani anayelaumiwa leo kwa vita asivyovipiga?

Akitishwa, anajua aende kwa nani, na huyo atamsikiliza?

Tumewahi kumwambia aliyeonewa ahame, ili sisi tupate utulivu?

Jibuni pamoja, wanawake na vijana wakiwamo, na kila mmoja apewe nafasi ya kusema. Wapeni nafasi ya kwanza wale ambao kabila lao ni chache kati yenu.