Pumu ya mtoto: mzazi ana haki ya kuuliza na kuamua

Mzazi wa Shianda, Kaunti ya Kakamega, anapompeleka zahanati mtoto ambaye kifua kinamlia filimbi usiku, hapaswi kurudi na dawa asizozijua. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze hali ya mtoto, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa.

Kwa pumu, maelezo hayo ni nusu ya tiba. Salbutamol ya kuvuta hufungua njia za hewa kwa muda tu. Steroidi ya kuvuta hutuliza uvimbe wa ndani. Mtoto akiandikiwa ya kila siku, huivuta hata akiwa hana dalili. Asiyeelezwa tofauti huiacha kikohozi kikikata, na shambulio hurudi.

Mhudumu naye hajui kama mtoto hulala karibu na jiko la kuni, au kama pesa za dawa zitapatikana mwezi ujao. Hayo anayajua mzazi. Ndiyo maana uamuzi ni wa pamoja.

Kwa hiyo uliza: hii ni ya kila siku au ya shambulio? Anaivutaje? Bei ikikushinda, sema papo hapo, mtafute njia nyingine.

Ila mtoto asiyeweza kuzungumza au kunyonya kwa kukosa pumzi hasubiri mashauriano. Akimbizwe hospitali.