Lori la korosho: hesabu isiyoandikwa kwenye mkataba

Msimu wa korosho unapofunguliwa mikoa ya Mtwara na Lindi, kazi ya malori haikosekani. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho hutolewa vyama vya msingi na kupelekwa maghala makuu kabla ya mnada. Mzigo upo, na wenye akiba kidogo huliona lori la mtumba kuwa mtaji wa kurudisha fedha haraka.

Wengi hupiga hesabu ya nauli ya mzigo, dizeli na posho za dereva na utingo. Barabara hawaiweki.

Njia ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala ni kama kilometa 210. Lami imeongezeka miaka ya karibuni, lakini korosho haianzii kwenye lami. Inaanzia kijijini, kwenye mchanga na vumbi, na mvua za Novemba na Desemba hukuta mizigo bado ipo maghalani.

Chukua mfano wa tairi. Tuseme matairi kumi yamenunuliwa kwa Sh milioni 6. Yakidumu kilometa 60,000 kwenye lami, kila kilometa imekula Sh 100. Yakikatwa na mawe yakafia kilometa 30,000, ni Sh 200. Safari ya kilometa 200, kwenda na kurudi, imeshakula Sh 40,000 za tairi peke yake, na hakuna aliyeziandika. Dereva akipunguza upepo ili avuke mchanga, kisha akaingia lami bila kujaza tena, tairi hupata joto na kupasuka mapema zaidi.

Vumbi ni adui wa kimya. Filta ya hewa iliyotoboka, au mpira wa bomba la hewa uliopasuka, hupitisha mchanga mwembamba hadi kwenye silinda. Ringi za pistoni husagika, injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Bei ya filta hailingani hata kidogo na gharama ya kufumua injini, ambayo pia hulilaza lori gereji wiki kadhaa katikati ya msimu. Marejesho ya mkopo hayalali.

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na kushuka pale na mzigo kunahitaji gia ndogo tangu juu ya mlima. Wapo madereva wanaoweka nutro ili kubana dizeli. Breki hupata moto, hulegea, na lori huanza kujiendesha.

Springi nazo huvunjika zaidi kwa kosa la tajiri kuliko la dereva. Gunia za ziada zinaonekana ni faida ya bure hadi jani kuu la springi linapokatika porini. Bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe upya baada ya safari chache za njia mbovu; zikilegea, ekseli husogea na tairi huliwa upande mmoja.

Kwa anayekwenda yadi kununua, rangi mpya isimshughulishe. Afungue kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha. Ndipo ajadili bei, au aangalie lori la pili.