Vijana Waanze na Lugha Ipi ya Kompyuta?



Mifumo mingi ya Linux hutolewa bila malipo ya leseni, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Kwa hiyo inafaa sana kufundishia vijana kuandika programu. Lakini waanze na lugha ipi?

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C. Wengine hudhani basi ni lazima kuanza na C. Sisi hatuoni hivyo. Katika C mwanafunzi husimamia mwenyewe kumbukumbu ya kompyuta. Kosa dogo huweza kuizima programu nzima, na anayeanza hukata tamaa mapema.

Tunapendekeza Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka huohuo wa 1991. Maandishi yake ni mafupi, na kwenye Ubuntu huwa tayari imo ndani ya mashine, hivyo inafundishika hata pasipo na intaneti. Kwa mistari michache kijana anaweza kujumlisha michango iliyo kwenye faili la mhasibu.

Baadaye, atakayetunza mashine za ofisi ajifunze Bash. Atakayetaka kurekebisha kiini chenyewe ajifunze C, na pia Rust, iliyoingizwa humo mwaka 2022.

Basi, kabla ya kulipia mafunzo tuulize: kijana huyu atafanya kazi gani? Jibu hilo ndilo lituchagulie lugha.