Waliokwenda Mombasa kumtafuta shakwe

Muulize mtu wa Karatina au Othaya alichokiona Mombasa mara ya kwanza. Atakutajia feri ya Likoni, ngamia wa kupiga naye picha, na maji ya chumvi ambayo hakuyaamini mpaka alipoyaonja. Wengine walirudi na chupa ya maji hayo ili shosho naye aonje. Ndege hatajwi mpaka umuulize, na hapo ndipo kicheko kinapoanza: kunguru alivyomshukia, bhajia ikamtoka mkononi kabla hajaiuma.

Sisi tuliolelewa chini ya Mlima Kenya tuliijua bahari kabla ya kuiona. Ilitoka kwenye filamu na kalenda za ukutani: mchanga, mnazi, na shakwe mweupe juu ya mawimbi. Basi unatoka Nyeri, kilomita kama 150 hadi Nairobi na nyingine zaidi ya 480 hadi Mombasa, unashuka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule wanaouita Pirates, na anayekulaki ni ndege mweusi mwenye shingo ya kijivu na jicho la mwizi anayejua pesa ziko mfuko gani. Shakwe wapo pwani, hasa wakati wa kaskazi, lakini makundi makubwa hupenda mahali kama mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, mbali na waogeleaji.

Kunguru huyo si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, watawala Waingereza wakitumaini kwamba atasafisha taka za mji. Taka ziliongezeka, naye akaongezeka, akaenea hadi pwani ya bara. Anakula mayai na makinda ya ndege wa asili, anabeba vifaranga vya watu, na haogopi mtu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu ya Starlicide. Sumu hiyo haikuwa ngeni: ilikwisha kutumika zamani Malindi na Watamu, na idadi yao ikashuka, kabla ya uagizaji wake kusimama.

Huku mlimani habari hiyo ilikuwa ya kuchekea tu. Mama wa viazi karai kule ufuoni hana nafasi ya kucheka, kwa sababu sinia lake lisipofunikwa hasara ni yake. Lakini hata pwani watu hawana neno moja juu ya ndege huyu. Matumbo ya samaki na mabaki ya sokoni yanayotupwa ovyo, kunguru ndiye anayeyafikia kabla ya lori la taka, na wapo wasiopenda kusikia sumu ikitajwa karibu na nyumba zao.

Wa kulaumiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni sisi wageni. Tunarusha chipsi ili tupate video ya kurusha kwenye simu, tunapiga kelele ndege anapozidaka, kisha tunapanda treni ya SGR kurudi bara. Kunguru aliyejifunza kwamba mkono wa binadamu ni sahani anabaki kule na mama wa viazi.

Nyumbani nako hatuna usafi wa kujivunia. Mwewe wa mjini Nyeri anapora nyama mkononi mwa mtoto aliyetumwa buchari, na shule nyingi zina kisa cha chakula kilichopaa. Yeye tunamsamehe, labda kwa kuwa tumekua naye. Huko juu kabisa, kunguru mkubwa mwenye kisogo cheupe huzoea kambi za wapanda mlima, na wanaomtupia makombo ni wale wale wanaofunga mabegi yao mara mbili usiku.

Anayemtaka shakwe kweli hana haja ya bahari. Shakwe wa kichwa kijivu yuko Ziwa Naivasha, upande wa pili wa Aberdare, na unaweza kufika huko kwa matatu kupitia Nyahururu bila hata kukanyaga Nairobi. Nenda pale wavuvi wanaposhusha samaki asubuhi, utamwona akizunguka juu ya mitumbwi. Samaki wako wa kukaanga mshike vizuri lakini, maana wapo pia korongo wenye upara, na hao wanafika kifuani mwa mtu.